Waya au Bila Waya? Tuchague Intaneti ya Nyumbani kwa Hesabu



Kila mwaka bonasi ya majani chai inapokaribia, wauzaji huanza kupanda milima yetu. Zamani walileta redio, magodoro na masufuria. Siku hizi wanaleta pia intaneti ya nyumbani. Wa kwanza anasema faiba ndiyo kila kitu. Wa pili anasema waya ni mambo ya kizamani, chukua kisanduku cha kutia laini ya simu. Wa tatu anaonyesha picha ya dishi dogo linaloongea na setilaiti. Mwenye boma anabaki ameshika kichwa, na watoto nyuma yake wanasema, "Baba, chukua tu!"

Tukitembelea vikundi hapa Nyaramba na sehemu za jirani, tunakuta swali ni hilo hilo: waya au bila waya? Ukurasa huu hautakuambia kampuni gani ni nzuri. Tunataka tu kwamba siku utakapotia sahihi, uwe unajua unachonunua.

Jambo lenyewe si mchezo. Mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne anaomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS kwenye intaneti. Mkopo wa HELB unaombwa huko huko. Cheti cha tabia njema, pasipoti, kodi ya KRA, yote yako huko. Asiye na intaneti anatembea mpaka saiba, analipa kwa kila karatasi, na siku ya mwisho mtandao ukikataa anarudi nyumbani giza limeingia na fomu haijaenda. Upande mwingine, kuna mabomani ambapo pesa za karo ziliingia kwenye kifaa ambacho leo kimekaa juu ya kabati kimefunikwa na kitambaa. Hakikuharibika. Ada ya mwezi ndiyo iliyoshindikana.

Intaneti ya nyumbani ni kama ng'ombe wa gredi. Kumnunua ni kazi ya siku moja. Kumlisha ni kila siku. Wauzaji wengi wanazungumza juu ya kununua. Sisi tuzungumze zaidi juu ya kulisha.

WAIFAI SI INTANETI

Tuanze hapa, maana ndipo watu wengi wanapotea. Waifai ni ile njia fupi ya ndani ya nyumba, kutoka kwa kisanduku mpaka kwa simu yako. Intaneti ni ile inayofika kwa kisanduku kutoka nje. Fikiria maji: bomba kutoka chemchemi mpaka tangi la nyumbani ni kitu kimoja, na mfereji wa jikoni ni kitu kingine. Unaweza kuwa na mfereji mzuri na tangi likawa kavu. Ndiyo sababu simu inaweza kuonyesha waifai imejaa, na bado hakuna kinachofunguka.

Kwa hiyo "waya au bila waya" ni maswali mawili. La kwanza: intaneti itafikaje kwa boma langu? La pili: itasambaaje ndani ya nyumba? Hata mwenye faiba kwa kawaida hutumia waifai ndani. Na hata mwenye dishi la setilaiti anaweza kuvuta waya mfupi kutoka kwa kisanduku mpaka kwa kompyuta, na mara nyingi kompyuta hiyo itafanya kazi kwa utulivu zaidi. Ajenti akikuambia "tutakuletea waifai", muulize: waifai hiyo inaletwa na nini?

TULIKOTOKA

Wenye umri wetu wanakumbuka simu ya waya ya Shirika la Posta na Simu. Kupata laini ilikuwa ni kungoja miaka. Nyaya zile zilikuwa za shaba, na shaba ina soko, kwa hiyo wezi walizikata usiku na kuziuza. Shirika lile liligawanywa mwaka 1999, na mwaka uliofuata kampuni za simu za mkononi, Safaricom na Kencell, zikaanza kupanua minara. Simu bila waya ikashinda mashambani bila kupigana, kwa sababu haikuwa na waya wa kuibwa.

Lakini waya ulirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti za zamani, ghali na polepole. Nyaya hizi mpya si za shaba. Ni za faiba, yaani uzi wa kioo mwembamba kama unywele, unaopitisha mwanga. Kutoka Mombasa faiba ilivutwa hadi Nairobi na miji mingine, na hata minara mingi ya simu inalishwa nayo.

Basi ujue kwamba hata intaneti yako "bila waya" kwa sehemu kubwa ya safari yake inapita kwa waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki nzima, kwa wenye faiba na wenye bando za simu pia. Kinachobadilika unapochagua ni ule mwendo wa mwisho tu, kutoka barabarani mpaka nyumbani kwako.

NJIA NNE ZA KUFIKISHA INTANETI KWA BOMA

1. Faiba. Waya unavutwa kutoka mlingoti ulio karibu mpaka ukutani kwako. Wema wake: hautegemei mnara umejaa watu kiasi gani, na mvua haiuzuii mwanga ulio ndani ya kioo. Ada ni moja kila mwezi hata kama nyumba ina watu saba. Ubaya wake: lazima uwe umefika karibu. Ukikatwa na tingatinga la barabara au mti ukiuangukia, unangoja fundi. Usiulize "kuna faiba Nyaramba?" Uliza "mlingoti wenu wa mwisho uko umbali gani kutoka lango langu, na nani analipa waya wa kutoka hapo?"

2. Kisanduku cha laini ya simu. Hiki ni kama simu kubwa isiyo na kioo. Unatia laini, kinashika mnara, kinagawa waifai. Wema wake: hakingoji fundi, unakianza jioni ile ile, na ukihama unaenda nacho. Ubaya wake: mnara mmoja unagawia kila mtu. Saa tatu usiku, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, kasi inashuka. Na sisi tuko milimani. Boma la mgongoni mwa kilima linaweza kushika vizuri, la bondeni hatua mia mbili chini likakosa kabisa.

3. Antena ya paani. Kampuni ndogo za intaneti za mashambani huweka mlingoti wao juu ya kilima, nawe unafungiwa antena inayoutazama. Ni lazima antena ione mlingoti ule moja kwa moja. Mikaratusi ya jirani ikiwa katikati, leo ni mifupi, lakini baada ya miaka mitatu itakuwa imefunga njia.

4. Dishi la setilaiti. Starlink ilifunguliwa Kenya mwezi Julai 2023. Setilaiti zake ziko kama kilomita 550 juu, ilhali zile za zamani ziko karibu kilomita 36,000, na ndiyo sababu mazungumzo hayacheleweshwi kama zamani. Wema wake: halijali mlingoti wala mnara uko wapi, linataka anga wazi tu. Ubaya wake: kifaa ni ghali, kinakula stima zaidi, na mvua kubwa sana inaweza kukata kidogo. Usidhani anga halijai. Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha.

RADI, MITI NA STIMA

Hapa kwetu kuna mambo ambayo mtu wa Nairobi hayafikirii sana.

La kwanza ni radi. Unyevu wa Ziwa Victoria unapokutana na milima yetu, mvua ya alasiri huja na ngurumo, na kila mwaka tunasikia watu na mifugo wamepigwa. Uzi wa kioo wenyewe haupitishi umeme, na hapo faiba inashinda waya wa zamani wa shaba. Lakini kisanduku chake kimechomekwa kwa soketi, na umeme wa radi unaweza kuingia kwa njia ya stima. Antena na dishi la paani zina hatari zaidi, maana waya wake wa shaba unashuka moja kwa moja mpaka ndani ya nyumba. Mwambie fundi aweke waya wa ardhini kwa njia inayofaa. Na wingu likianza kuwa jeusi, chomoa kwa soketi mapema. Usingoje ngurumo ifike juu ya paa ndipo ukashike nyaya.

La pili ni mabati. Paa na kuta za mabati huzuia mawimbi ya mnara. Kisanduku cha laini kikiwekwa chini ya meza, nyumba nzima italalamika. Kiweke juu, karibu na dirisha linaloelekea mnara. Wakati mwingine tofauti kati ya intaneti mbaya na nzuri ni mita tatu tu.

La tatu ni stima. Kisanduku cha faiba kinachokula wati 10 mchana na usiku kitamaliza uniti 7 hivi kwa mwezi. Dishi la kawaida la setilaiti linaweza kula wati 75. Zidisha kwa saa 24 na siku 30: uniti 54. Ukihesabu shilingi 25 kwa uniti, hizo ni shilingi 1,350 kila mwezi ambazo ajenti hakutaja. Tena kuna mtego. Tangu bei mpya za mwaka 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa. Dishi peke yake linaweza kukutoa hapo, na stima yako yote ikapanda bei. Dishi dogo zaidi linakula wati 25 hadi 40, na ukizima usiku unaokoa. Wenye sola wapige hesabu hii kabla ya kununua.

Na stima ikipotea? Kisanduku cha faiba na cha laini vinaweza kushikiliwa na betri ndogo kwa saa kadhaa. Dishi linataka betri kubwa.

TUPIGE HESABU YA MWAKA

Chukua kalamu. Wengi husema "mimi sina intaneti ya nyumbani, ni ghali". Tuangalie. Tuseme nyumba ina watu watatu wenye simu, na kila mmoja ananunua bando ya shilingi 50 kwa siku. Hiyo ni shilingi 150 kwa siku, 4,500 kwa mwezi, 54,000 kwa mwaka. Nyumba hii tayari inalisha ng'ombe wa gredi na haina maziwa.

Sasa linganisha. Mwezi Septemba 2024 Safaricom ilipoongeza kasi ya faiba yake ya nyumbani, kifurushi cha chini kilikuwa megabiti 15 kwa sekunde kwa shilingi 2,999 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 35,988. Mwaka huo huo kifurushi cha Starlink kisicho na kikomo cha bando kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, yaani 78,000 kwa mwaka, mbali na kifaa. Kilikuwepo pia cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300, yaani 15,600 kwa mwaka. Bei hubadilika, kwa hiyo uliza ya leo. Lakini namna ya kuhesabu haibadiliki: kifaa, kufungiwa, ada mara 12, na stima.

Gigabaiti 50 ni nyingi au kidogo? Inategemea kazi. Ujumbe wa maandishi na fomu za serikali hula kidogo sana. Picha za video ndizo zinazokula: filamu ya kiwango cha kawaida inaweza kumaliza gigabaiti 1 kwa saa, na ya kiwango cha juu gigabaiti 3. Vijana wakitazama saa mbili kila jioni kwa kiwango cha kawaida, kwa mwezi ni gigabaiti 60. Zile 50 zitaisha kabla ya mwezi kuisha.

Kuhusu kasi, usitishwe na namba kubwa. Mazungumzo ya video ya mtu mmoja yanatosheka na megabiti 2 au 3 kwa sekunde. Nyumba ya watu watano wanaosoma na kutazama kwa kiasi itaridhika na megabiti 10 au 15 zilizo imara. Megabiti 15 zinazofika kila siku ni bora kuliko 50 za kwenye karatasi.

NANI ACHUKUE NINI?

Mtu mmoja au wawili, kazi ni ujumbe na fomu za mara moja moja: baki na bando ya simu. Usiingie mkataba. Pesa hiyo weka kwa sako.

Nyumba ya wanafunzi au walimu, na faiba iko karibu na lango: faiba. Kwa watu wengi ndiyo nafuu zaidi na tulivu zaidi.

Nyumba kama hiyo, lakini faiba haijafika, na mnara unashika vizuri: kisanduku cha laini, kisicho na mkataba mrefu, ili faiba ikifika uwe huru.

Unapanga nyumba sokoni na unaweza kuhama: kisanduku cha laini pia.

Bondeni, hakuna waya wala mnara: dishi, lakini kwa shule, zahanati, kikundi, au ndugu wa boma moja wanaochanga. Mtu mmoja wa kipato cha majani chai afikirie mara mbili. Malipo ya kila mwezi ya majani chai ni madogo, bonasi ni mara moja. Bonasi inaweza kununua kifaa, lakini haitakuwepo mwezi wa tano kulipa ada.

Kabla ya kununua kisanduku cha laini, jaribu bila gharama. Azima laini ya kampuni ile, itie kwa simu nzuri, washa waifai ya simu, kaa pale pale utakapoweka kisanduku. Jaribu asubuhi, jaribu alasiri mvua ikinyesha, jaribu saa tatu usiku. Nyakati zote tatu zikikubali, nunua. Ya usiku ikikataa, usidanganywe na ya asubuhi.

WAYA HAUJI KWA MTU MMOJA

Hapa ndipo tuna nguvu tusiyoitumia. Kwa sensa ya 2019 Nyamira ilikuwa na watu 605,576, karibu 675 kwa kila kilomita mraba. Kisii ilikuwa na zaidi ya 950. Mashamba yetu ni madogo na nyumba zimekaribiana. Tunalalamika kila siku juu ya udogo wa mashamba, lakini kwa anayevuta waya hiyo ni faida, maana mlingoti mmoja unaweza kulisha nyumba nyingi.

Kampuni haivuti waya kilomita moja kwa mteja mmoja. Lakini nyumba 20 za kijiji kimoja zikiandika barua moja, pamoja na shule, na majina na namba za simu, ajenti anapata kitu cha kupeleka ofisini. Hakuna hakika watakubali, ila barua ya 20 ina uzito ambao simu za mtu mmoja mmoja hazina. Andikeni kwa kampuni zaidi ya moja, na nakala kwa ofisi ya chifu.

Waya ukifika, tuulinde. Vijana waambiwe wazi kwamba ndani ya faiba hakuna shaba. Ni kioo, hakina soko la vyuma kuukuu. Anayeukata hapati kitu, na kijiji kinakaa gizani.

Neno moja la tahadhari: ndugu wa boma moja kuchanga ni jambo moja, lakini kuuza intaneti kwa majirani ni biashara inayotaka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mikataba mingi pia inakataza. Ulizeni kwanza.

MASWALI YA KUMUULIZA AJENTI

1. Kifaa ni changu au cha kampuni? Nikiacha, kinarudishwa?
2. Kufungiwa ni bei gani, na waya wa ziada unalipwa na nani?
3. Mkataba ni wa miezi mingapi? Mwezi nikikosa, kuna faini au inakatwa tu?
4. "Bila kikomo" maana yake nini? Kuna kiwango nikikipita kasi inashuka?
5. Radi ikiunguza kisanduku, nani analipa kipya?
6. Fundi anatoka wapi, Nyamira, Kisii au Nairobi? Atakuja baada ya siku ngapi?
7. Nionyeshe nyumba iliyo karibu mliyoifungia, nikawaulize wenyewe.

Asiyetaka kujibu la saba, mwache aende. Na malipo yaende kwa namba ya kampuni, si kwa simu ya ajenti. Dai risiti. Kampuni isiposikia malalamiko yako, Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya hupokea malalamiko ya wateja.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja aandike pesa alizotumia kwa bando mwezi uliopita. Jumla ya nyumba yake ni ngapi? Ya kikundi?
2. Katika kijiji chetu, mlingoti wa faiba ulio karibu uko wapi? Ni nani atakwenda kuutafuta kabla ya mkutano ujao?
3. Ni nyumba ngapi ziko tayari kutia majina kwa barua moja?
4. Watoto wetu watatumia intaneti hii saa ngapi kwa masomo na saa ngapi kwa filamu, na ni nani nyumbani atakayezima kisanduku?

Swali la nne msiliruke. Katika vikundi tulivyokaa navyo, ndilo lililochukua muda mrefu zaidi.